Mzee Betri na Boksi la Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Gari la baba mkwe limegoma. Baba mkwe mtarajiwa, nijirekebishe, maana posa yangu ameikalia mwezi mzima. Ni dereva wa malori mstaafu, na kwake kila ugonjwa wa gari ni betri. Kimoyomoyo namwita Mzee Betri. Binti yake kanipigia: ukilitengeneza, huenda akalainika. Mimi fundi umeme wa magari. Nafasi ndiyo hii!

Jumanne, 4 Machi

Taa zote za dashibodi zinawaka, waipa zinacheza zenyewe, injini kimya. Mashine yangu ya kupimia haijibiwi na boksi hata moja. Nikamweleza mzee: injini, breki, milango, kila kimoja kina boksi lake, yaani kompyuta ndogo, na zote zinaongea kupitia waya mbili zilezile zilizosokotwa. Moja ikipiga kelele bila kupumua, nyingine hazisikilizani. Akasema waya haziongei, nibadilishe betri.

Nilitamani kumwambia kwamba kwenye vikao vya familia boksi hilo ni yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Betri mpya kaileta mwenyewe. Gari bado bubu. Akanitazama kana kwamba nimeliroga! Lisipowaka Jumamosi, kasema, posa niisahau. Bintiye haolewi na mbonyezaji vitufe. Nampenda yule mwanamke, jamani. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Nachomoa boksi moja moja, najaribu ufunguo. La breki — wapi! La usukani — wapi! La mlango wa dereva — gari likanguruma! Soketi imejaa kutu ya kijani. Kumbe mzee akiosha gari huingiza mpira wa maji mpaka ndani ya mlango.

Mzee akarukia kiti cha dereva, akabamiza mlango, akakanyaga mafuta huku anacheka. Akazima. Akataka kutoka. Kishikio cha ndani kilishavunjika zamani. Yeye hushusha kioo akafungua kwa nje. Na kioo hakishuki, boksi lake ninalo mimi mkononi. Upande wa pili wa gari ni ukuta, na tumbo lile halivuki kwenda viti vya nyuma.

Nikakimbilia kumfungulia. Binti yake, mchumba wangu, aliyekuwa kando akitutazama, akaniwahi, akaegemea mlango.

“Baba, mwezi mzima unaongea wewe tu. Leo zamu yangu.”

Mzee akapiga honi. Binti akangoja iishe, akaendelea. Honi tena. Akangoja, akaendelea.

Sasa honi imenyamaza. Binti kanifukuzia huku pembeni, nimekalia tairi, naandika. Mzee kasogeza uso kwenye kioo, kamwuliza kitu. Sikukisikia. Lakini kauliza — yeye!