Lori la Guka

Theuri, nikutegee: mzee gani hakohoi mpaka asukumwe mteremkoni? Ni lori la marehemu guka, babu yako, tangu uiunde upya injini yake!

Nimeenda soko ya Chaka. Uji uko kwa sufuria. ~~Usiguse lori mpaka nirudi.~~ Liguse, lakini kunywa kwanza.

Ulipolipiga teke ukarudi kulala, Govind wa duka la spea alipita. Alitia oili kidogo kwa matundu ya plagi, akazungusha hendeli, likawaka! Anasema injini haibani hewa kwa sababu mianya ya ringi zote za pistoni umeielekeza upande mmoja, kama ng'ombe wakinywa maji. Fungua, uzipishanishe.

Jana uliniuliza mimi nyanya yako, "Cucu, tuliuze?" Likinguruma hapo nje, bado mimi huinuka kumpashia guka wako chakula. Haliuzwi.

Cucu