Baba Mdogo wa Édouard

Misioni, Masisi
Tarehe 27 Juni 1954

Kwa kaka yangu mpendwa Symphorien, katekista wa Buleusa,

Zipokee salamu zangu kwanza, habari zinakuja nyuma yake polepole kwa sababu zina mzigo. Natumaini mko wazima nyote huko, wewe, shemeji Euphrasie, na Mama yetu pamoja na miguu yake inayomsumbua wakati wa mvua. Je, kidonda cha mwanetu Édouard kimepona vizuri? Mimi mwilini niko mzima. Kikohozi cha baridi kimeniacha. Nakushukuru kwa ile nyama kavu uliyoniachia hapa jikoni kwa masista, juma la Pentekoste. Niliila kidogo kidogo, na kila nilipokata kipande nilikuombea kwa Mungu.

Mtu wa msitu hawezi kuizoea Masisi, hata akikaa hapa mpaka mvi. Ukungu wa asubuhi unaingia na sisi darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Chakula ni maharage na viazi, na kesho yake viazi na maharage. Nikiota, naota sombe ya Mama, yale majani ya muhogo, na ndizi za kuponda. Wenzangu wa huku wananicheka kwa sababu naogopa ng'ombe wao, nami nawajibu kwamba siku nitakapowaona juu ya daraja letu la kamba, mto ukinguruma chini, nitacheka mpaka nikae chini.

Lakini mwaka huu wa mwisho ulikuwa mtamu, kaka, siwezi kusema uongo. Sisi wa darasa la mwisho tulikuwa tunafundisha watoto wadogo wa shule ya misioni, na Padiri Mkubwa anakaa kwenye benchi la nyuma akitusikiliza. Somo langu la mwisho lilikuwa juu ya mvua. Niliwauliza watoto mvua inatoka wapi. Kasichana kamoja kakasimama na kusema mvua inatoka Walikale. Padiri alicheka mpaka akavua miwani. Mimi, mtu wa Walikale, nilimwambia yule mtoto kwamba hajakosea sana.

Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba nikitoka shuleni nitatumwa Buleusa kufungua darasa la pili. Unajua hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Marehemu Baba alituzaa wanaume wawili tu, na yeye mwindaji asiyejua kusoma alisema mmoja atakuwa wa kanisa na mwingine wa shule. Wewe ulikwisha kufika. Nilibaki mimi. Nilikuwa nimeshaijenga shule ile kichwani mwangu, mpaka mahali pa kupanda michungwa nilikuwa napajua.

Sasa habari yenyewe ni hii. Sikupata diploma.

Baada ya mitihani Padiri Mkubwa aliniita ofisini, akaniuliza kama ni kweli kwamba siku za Pasaka niliingia msituni kwenye kambi ya tohara. Sheria ya shule yetu unaijua: mwanafunzi akiingia katika mambo hayo anaondoka mikono mitupu. Alijua yote, mpaka kwamba mimi ndiye niliyemshika mtoto mabegani wakati wa kisu. Alisema tu kwamba mtu mwaminifu ndiye aliyempasha habari.

Ilivyokuwa wewe unakumbuka. Kwetu baba hamshiki mwanawe, anayemshika ni ndugu mdogo wa baba, na mtoto asiye na wa kumshika hutaniwa mpaka uzee. Uliniita nyuma ya kanisa, Jumatatu ya Pasaka. Ulisema wewe ni katekista, ukionekana kule umekwisha. Ukaniambia, na maneno yako bado nayasikia: "Benoît, weye njo baba yake mudogo. Kama hauendi, mutoto atashikwa na muntu wa inje, na tutachekwa mpaka tunakufa." Nilikuambia naogopa kwa ajili ya shule. Ukasema: "Nani atasema? Hapa wote iko ndugu." Basi nikaenda. Nilimshika Édouard, na yeye hakutoa hata sauti moja. Nilijivuna kama nimemzaa mimi.

Nani amesema? Sisi tuliotoka Walikale tulikaa tukatafuta, na hatukutafuta mbali. Jirani yangu wa kitanda ni Sebarenzi, mtoto wa wakulima wa vilima hivi hivi vya Masisi, na ni yeye peke yake niliyemsimulia mambo ya msitu niliporudi. Wenzangu walisema: "Huyu haiko wa kwetu, njo yeye." Nikaona ni kweli. Niliacha kula naye. Akinisalimu nageuka. Aliponiuliza amenikosea nini, nilimwambia aulize ulimi wake. Wenzangu walitaka kumpiga, na kwa kweli sikuwazuia sana, ni mvua iliyowazuia.

Sebarenzi hakulipiza. Alikwenda kwa Padiri, bila mimi kujua, kuniombea nisinyimwe diploma. Padiri aliposikia kwamba wanafunzi wanamsingizia, alimwambia jina la aliyesema. Sebarenzi alirudi akakaa kwenye kitanda chake, anafungua viatu, anavifunga tena. Mwishowe akasema: "Benoît, iko kaka yako."

Nilimwita mwongo. Nilimtukana yeye na mama yake, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikakimbia kwa Padiri nimwulize mwenyewe.

Kaka Symphorien, Padiri alinieleza kila kitu. Habari za tohara zilikuwa zimefika kwa mapadri, na walikuwa wameanza kuuliza mtoto ni wa nani. Ukaogopa. Ukafunga safari kutoka Buleusa mpaka hapa, ukasimama mbele ya meza ile ile, kofia mkononi, machozi yakikutoka, ukasema kwamba mdogo wako wa shule alimchukua mtoto wakati wewe umekwenda kuwatembelea wagonjwa. Ukasema shule imenitia kiburi, kwamba siku hizi sikusikilizi. Halafu ukapita jikoni ukaniachia nyama, ukaondoka bila kuniona. Masista walikuambia usubiri kidogo, niko darasani, nawe ukasema njia ni ndefu.

Nyama ile, kaka! Niliila huku mdomo wangu ukikuombea heri. Nimeumia. Siku tuliyomzika Baba sikuumia hivi, kwa sababu Baba alichukuliwa na Mungu, wewe umejichukua mwenyewe. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami mjinga nilikuwa nakitafuta kwenye kitanda cha jirani.

Kuna jambo moja ambalo hulijui bado, na linanilemea. Padiri si mtoto. Aliniangalia sana, akaniuliza kama ni kweli kaka yangu hakujua. Alisema anayetumwa na mkubwa wake hana kosa sawa na anayejituma. Kumbe neno langu moja lilikuwa linatosha. Ningepewa diploma yangu pamoja na wenzangu, na wewe ungeondolewa kwenye kazi na kwenye nyumba ya katekista. Nilimwona shemeji Euphrasie akitoka na vyungu vyake, na Mama nyuma yake na ile miguu. Nikamwambia Padiri hukujua kitu. Nilidanganya, kaka, msalaba ukiwa ukutani juu ya kichwa chake. Sijaungama bado, kwa sababu nikiungama nitalazimika kujuta, na sijui najuta nini. Lakini usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako.

Jumapili iliyopita diploma zilitolewa. Nilisaidia kubeba mabenchi uwanjani, kisha nikasimama nyuma ya watu. Jina langu lilirukwa, kama vile hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kusoma hapa. Baadaye wazazi walitandaza mikeka kwenye majani na kufungua vyakula. Mama yake Sebarenzi, Mama Nyiransabimana, yule yule niliyemtukana, alinivuta mkono akanikalisha kati ya mumewe na mwanawe, akanipa maziwa. Nilimwomba Sebarenzi msamaha hapo hapo mbele yao. Akasema: "Kula kwanza, utalia kisha." Nilikula, na nililia vilevile.

Juma lijalo nitapanda kamioni ya kuteremka Mubi. Nasikia kule kwenye migodi wanatafuta mtu anayejua kuandika. Si kazi ya kufundisha, ila itaniweka. Buleusa sitapita.

Nisalimie Mama sana. Mwambie nimepata kazi mbali, usimwambie zaidi, maana hayo mengine atayauliza kwako siku moja na utamjibu wewe. Shemeji Euphrasie mpe mkono wangu, hana kosa. Édouard mwambie alikuwa hodari siku ile na kwamba bado namjivunia. Na yule mdogo wake anayenyonya, mbusu kwa niaba yangu. Atakua upesi, watoto hawachelewi. Siku atakapofika umri wa kuingia msituni, mtafutie baba mdogo mwingine.

Ni mimi,
Benoît