Kengele Niliyoivua Shingoni mwa Ng'ombe

Kaka yangu Marwa,

Barua hii nataka aisome yeyote, maana ulilaumiwa mbele ya watu. Aibu ya hadharani haisafishwi kwa kunong'ona.

Unakumbuka katekista wetu hapa Machochwe alivyotufundisha habari za kengele? Alisema zamani watu hawakuwa na saa, kengele ndiyo iliyowaita kusali, na siku ya Krismasi inalia kutangaza kuzaliwa kwa Mtoto, kama malaika walivyowatangazia wachungaji kondeni. Kanisa letu lilikuwa na rimu ya lori tu. Ukiigonga utadhani fundi anafua jembe. Mimi, kwa kiherehere changu cha kwaya ya watoto, nikajua pa kupata kengele halisi: shingoni mwa dume letu jekundu, kiongozi wa kundi.

Asubuhi ya Krismasi nikaivua. Uliponiuliza, nilikutazama usoni nikasema, "Tata ameichukua, anatengeneza mkanda." Ukaniamini. Ukawatoa ng'ombe haraka ili uwahi misa.

Kaka, kule mpakani mwa hifadhi majani ya Desemba yanamficha ng'ombe mzima. Tata, baba yetu, alitufundisha tangu wadogo kwamba mchungaji anachunga kwa masikio, na mimi nilikuwa nimeyaziba yako. Nilipokuwa naitikisa ile kengele kanisani, wazazi wetu wakiwa wamebaki bomani, akina mama wakipiga vigelegele, wewe ulikuwa unakimbia vichakani, unasimama, unasikiliza, na hakuna kinacholia. Ng'ombe wanane walivuka mpaka. Simba hawakubakiza hata mmoja, na ng'ombe hao ndio waliotengwa kwa mahari yako.

Ulirudi jioni umechanwa na miiba. Tata alikuwa mlangoni mwa boma, fimbo mkononi.

"Mura, kijana wangu, kengele iko wapi?"

Hapo ndipo ulipojua. Uliniangalia mara moja tu. Nilikuwa nyuma ya mama, kengele nimeifunga ndani ya khanga, nangoja useme. Ukasema, "Nimeipoteza, tata. Nililala."

Majirani wote walisikia akikuita mlevi, mtu asiyefaa kupewa hata mbuzi. Posa ikavunjika. Kabla ya mwaka mpya ulikuwa umeshavuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya, na kwa miaka sita umekuwa ukijibu ujumbe wangu kwa maneno mawili: "Niko salama." Sikuwahi kukuuliza kwa nini ulinifichia, kwa sababu niliogopa jibu. Nisamehe, nilikuchukia kidogo pia. Wema wako ulinielemea kila Krismasi.

Juzi tata alianza tena, mbele ya wageni: "Yule aliyelala ng'ombe wakaliwa." Nikashindwa. Nikaenda ghalani, nikaitoa kengele chini ya mtama, nikaiweka magotini pake. Akaigeuza. Akaupitisha mkanda vidoleni, polepole, mpaka mwisho.

"Mkanda mzima," akasema. "Huu haukukatika. Umefunguliwa kwa mkono."

"Kwa mkono wangu, tata."

Nilitegemea fimbo, na ningeshukuru angenipiga. Mama akawaomba wageni watoke nje. Kisha tata akauliza, "Mura alijua?" Nikamwambia ulijua. Mzee yule ambaye sijawahi kuona chozi lake alivua kofia akajifunika nayo uso.

Tangu jana ana namba yako kwenye kikaratasi. Anabonyeza, halafu anakata kabla haijaita. Hajui aanzie wapi, na mimi ni nani nimfundishe baba yangu kuomba radhi? Huenda hutaki kumsikia, na haki unayo. Huenda hutaki kunisikia hata mimi. Lakini simu ikiita, kaka, ukapokea ukasikia mtu anapumua tu bila kusema neno, usikate. Ni tata.

Mdogo wako uliyembebea kosa lake,
Bhoke