Watoto Tisa Mbele ya Ubao

Moraa, mjukuu wangu,

Hapa Ogembo tu wazima, na majani chai yamechipuka. Umeniuliza nilijuaje, bila kugawanya, kwamba 123,456,789 inagawanyika kwa tisa.

Nikiwa shule ya msingi, mwalimu alisimamisha watoto tisa, kila mmoja na tarakimu yake, akaniamuru nijumlishe nikimnyooshea kidole mmoja mmoja. Jumla ikigawanyika kwa tisa, namba nzima pia hugawanyika. Lakini nyumbani tulionywa kwamba mtu akihesabiwa hufa, na aliyeshika tisa, wa mwisho, alikuwa dada yangu Kemunto. Alinitikisia kichwa nisimfikie. Nilimfikia. Jumla ilikuwa arobaini na tano, mwalimu akafurahi.

Asubuhi iliyofuata nilimgusa Kemunto mkono kabla ya kumwita. Ulikuwa na joto.

Hata hivyo, usiniulize wajukuu wangu mko wangapi. Sijui, na sitaki kujua.

Nyanya yako