Miguu Chini ya Benchi

Jumapili, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua inatutishia tu na hainyeshi. Hapa mtaani kwetu Igogo watu wameshaanua nguo na kuzianika tena. Na mimi niko hivyo hivyo leo, nimejaa na sinyeshi.

Asubuhi nimetoka kanisani miguu inaniuma, na sikucheza hata hatua moja. Iliuma kwa kuzuiwa.

Kwa asiyenijua: nilikuwa mwanakwaya. Wa mstari wa mbele, yule anayegeuka wa kwanza halafu wengine wanafuata. Kuomba kwa maneno sijawahi kuweza vizuri. Nikifumba macho namwambia Mungu mambo mawili matatu, halafu nawaza mboga ya mchana. Lakini nikicheza, aisee, nikicheza mbele zake hakuna ninachomficha.

Kisha mwanzoni mwa mwaka Baba Kulwa, mume wangu, akaugua kidogo tu na kufariki. Sare ya kwaya nikaikunja nikaiweka chini kabisa ya begi. Hakuna aliyenikataza. Ila siku zile za msiba nilimsikia mama mmoja jikoni akimsema mjane wa mtaa wa pili: "Yule? Alikuwa anajirusha kanisani hata kaburi halijakauka!" Wenzake wakaguna. Mguno ule ninao masikioni mpaka leo.

Basi siku hizi nakaa benchi la nyuma na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka kijijini karibu na Bujora kumzika mwanawe na hajarudi. Ni mama wa maneno machache. Nampenda na namwogopa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sasa mimi niinuke nicheze mbele ya macho yake? Angenionaje?

Leo kwaya wameimba ule wimbo wetu wa shukrani. Nikalishika benchi kwa mikono miwili. Huku chini miguu ikaanza yenyewe, kisigino, vidole, kisigino. Nikapandisha mmoja juu ya mwenzake. Wapi! Ikaendelea.

Halafu nikakumbuka makofi.

Baba Kulwa hakujua kupiga makofi. Jamani, hakujua kabisa! Kanisa zima linapiga pamoja, yeye anapiga pale pasipo na mtu mwingine anayepiga, tena kwa nguvu zote, macho ameyafumba, anatabasamu. Wanakwaya wenzangu walikuwa wanakufa kwa kicheko, na mimi natamani ardhi ipasuke. Siku moja nikamwambia, baba, piga taratibu basi, watu wanakuangalia. Akashangaa kweli kweli. "Kwani nawapigia wao?"

Leo nimeyasubiri yale makofi. Kanisa likapiga sawasawa, safi, bila kosa hata moja. Nikalitamani lile kosa lake. Nikatamani nitoke pale mbele nicheze huku nalia, nimwambie Mungu kila kitu: kwamba nimekukasirikia, kwamba asante kwa mtu yule, kwamba na wewe pia nimekukumbuka, mbona tumekuwa kama watu wanaopungiana mikono kwa mbali?

Sikutoka.

Tumerudi nyumbani, nikawasha jiko la mkaa uani, mama mkwe akakaa mlangoni na ungo wa choroko. Akachambua weee, kisha akasema bila kuniangalia:

"Mama Kulwa, mbona siku hizi huchezi?"

Nikamwambia naogopa, mama. Watu watasema.

"Watu gani?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Wewe, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akanitazama, nikajua leo nimeharibu. Kumbe anacheka! Kicheko kidogo, chenye machozi, cha kwanza tangu tumzike mwanawe. Akaniambia tangu afike hapa hajapiga makofi kanisani wala kigelegele, na jinsi anavyotamani, Mungu wake ndiye anayejua. Lakini kila akitaka kuinua mikono ananiona mimi nimeinama kimya. Anajiambia, huyu binti atasema nimeshamsahau mwanangu.

Miezi yote hii!

Watu niliokuwa nawaogopa mimi ni yeye, na watu aliokuwa anawaogopa yeye ni mimi. Tumekaa benchi moja, bega kwa bega, tunazuiana kumwabudu Mungu kwa sababu ya heshima.

Nikaanza kuimba ule wimbo. Nikavua kandambili nikacheza pale uani, kati ya jiko na beseni la nguo. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Acha achungulie. Mama mkwe akaweka ungo chini, akaanza kupiga makofi.

Nje ya mdundo.

Pale pale pasipo na mtu, kwa nguvu zote, macho ameyafumba. Kumbe mwanawe alirithi! Nimelia, jamani, nimelia huku nacheza, na yale yote niliyotaka kumwambia Mungu asubuhi nimemwambia pale pale, ugali ukiwa haujasongwa.

Sasa amelala, na mimi naandika. Sare nimeitoa begini. Inanuka kufungiwa, nimeianika, mvua ikitaka inyeshe. Sijidanganyi: uani ni uani, na Jumapili ijayo kanisa litakuwa limejaa, na yule mama wa jikoni atakuwepo na mguno wake. Woga bado ninao.

Lakini yale makofi yakisikika kutoka benchi la nyuma, mahali pasipo na mtu mwingine anayepiga, hivi kweli nitaweza kubaki nimekaa?