Majani ya Gunia la Pili

Lindi, Kibera
Jumapili

Senje Kageha, shangazi yangu,

Natumai baridi ya huko chuoni haijakushinda. Nilichanganya makaa na udongo kwenye gunia la pili tunamopanda sukuma wiki, kama ulivyoniomba kwa utafiti wako wa uzamivu. Mama alinicheka: "Senje yako anazika makaa, na sisi tunayanunua!" Nikamweleza kwamba makaa yakizikwa, kaboni ambayo mti uliivuta hewani hairudi upesi.

Majani yalikuwa makubwa kuliko ya gunia la kwanza! Lakini Ijumaa, kabla sijayapima, Mama aliyachuma yote. Kazi ya mjengo ya Baba iliisha mwezi uliopita, usimwambie nimekuambia.

Kwenye daftari lako niandike sufuri, ama niandike tuliyala?

Mtoto wa kaka yako,
Mideva