Siku Nilizokuwa Bibi Titi

Jumatano, 3 Julai 2024
Nimekubali! Sijui nini kimenishika ulimi nisikatae. Dafrosa wa maktaba alikuja kuchukua sketi zake, akanikuta nashona huku naimba. Akaganda mlangoni. Kumbe Jumamosi, mkesha wa Sabasaba, anataka Bibi Titi Mohamed asimame maktabani aongee na watu. "Siyo kusoma wasifu wake, dada Zuwena. Uwe yeye."
Mimi! Ambaye kwenye kikoba hata kusema "naunga mkono" natetemeka.
Lukumani kasikia. Kaendelea kula ugali. Mume wangu akinyamaza hivyo, kuna neno linakuja.

Alhamisi, 4 Julai
Neno limekuja. Mkewe aimbe mbele za watu — ndugu zake wa Gongoni watasemaje? Nikamwambia Bibi Titi naye alianza na ngoma ya lelemama, na sauti ileile ikaja kuwatoa wanawake majumbani wakachukue kadi za TANU. Akasema: "Yeye ni yeye, wewe ni wewe."
Nasoma vitabu vya Dafrosa mpaka macho yanauma.

Jumamosi, 6 Julai
Nimeweza! Nimeweza!
Viti vimejaa, watu wamekaa hadi chini. Nikaanza kuimba, akina mama wakaitikia, vigelegele — basi, woga ukaniisha. Nikawapeleka kwenye mikutano, kwenye uhuru, kwenye kesi ya uhaini, mpaka jela.
Hapo binti mmoja wa shule akanyoosha mkono. "Bibi, jela ulilia?"
Ningesema nililia, wangelia. Ningesema sikulia, wangepiga makofi. Lakini machozi ya mtu hayaazimwi. Nikashusha mtandio: "Hapo, mwanangu, mimi ni Zuwena, fundi cherehani wa Chemchem, hapa Tabora. Sijui. Sijasoma popote."
Nilidhani nimeharibu. Dafrosa anasema pale ndipo watu walipoyaamini mengine yote.
Na Lukumani! Alikuwa nje, dirishani. Hakuingia. Tumefika nyumbani ananiuliza kwa nini nilikatisha ubeti wa pili, ndiyo mtamu.

Jumatatu, 8 Julai
Kazi tu. Mteja kaniita Bibi Titi, kataka punguzo. Sikumpa. Nimecheka mwenyewe.

Jumamosi, 13 Julai
Dafrosa kanileta Ulyankulu, nirudie mchezo. Vumbi mpaka kwenye meno! Maktaba ni chumba kimoja cha shule, lakini kimejaa akina mama waliotoka shambani. Lukumani kaja nami. Eti barabara mbaya, siwezi kubeba mfuko wa kanga peke yangu.
Nimecheza vizuri kuliko Tabora. Nilipofika mwisho, mwaka wa sabini na mbili Bibi Titi anaachiwa huru, mama mmoja akasimama. Agnetha. Mkubwa kuliko mimi.
"Shikamoo, Bibi."
Aibu ilinipata! Lakini nilikuwa bado Titi. Nikaitikia marahaba.
Akasema mwaka huohuo mama yake alivuka kutoka Burundi akikimbia vita, yeye akiwa mgongoni. Kakulia hapa, kalima hapa, kazika mume hapa. Uraia kapata. Bado akienda mjini huulizwa ametoka wapi.
"Huo uhuru uliokuwa unauhubiri, Bibi — na sisi tulikuwamo?"
Wenzake wakaacha kunong'ona Kirundi. Wote wananitazama mimi.
Nikafungua mdomo. Niseme sijui? Lakini hajaniuliza kilichoandikwa vitabuni. Niseme ndiyo, ni nani aliyenituma? Dafrosa kaona, katangaza chai.
Sasa nimejibanza nyuma ya darasa naandika haraka. Nilimuuliza Lukumani nifanyeje. "Mke wangu, huyo hakumuuliza marehemu Bibi Titi," akasema.
Kweli. Kaniuliza mimi, Zuwena.
Dafrosa anaita, chai imekwisha. Nachungulia dirishani: Agnetha hakutoka hata kunywa. Kakaa palepale mbele, mikono mapajani, ananingoja.
Naingia, mtandio mkononi —